Jina la Msiba katika Sheria: Bunge la Rwanda, Wahanga wa 1994 na Utata wa -a Unganifu katika Kiswahili

1.0 Utangulizi

Bunge linapotaka kuwaenzi watu waliouawa kwa wingi, lina nyenzo zake zinazojulikana. Wabunge husimama na kunyamaza kwa dakika moja. Hutangaza siku ya maombolezo na kuagiza bendera zipepee nusu mlingoti. Hutunga sheria ya kuwasaidia wajane na mayatima, na nyingine ya kulinda makaburi. Kila moja ya nyenzo hizo hutanguliwa na tendo lisilotazamwa sana, nalo ni kuupa msiba jina. Sheria haiwezi kuagiza siku ya kumbukumbu bila kusema ni kumbukumbu ya nini, wala haiwezi kuwatunza walionusurika bila kusema walinusurika kutoka katika kitu gani. Jina hilo likishapitishwa na kuchapishwa katika gazeti la serikali, haliwi tena maelezo ya jambo lililotokea. Linakuwa tendo, kwa maana ile ya J. L. Austin, ambaye mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1962 ilionyesha kwamba kuna kauli zinazotenda kwa kule kutamkwa kwake, ilimradi msemaji awe na mamlaka ya kuzitamka.

Makala haya yanachunguza jina ambalo sheria za Rwanda zimeyapa mauaji ya mwaka 1994. Hoja inayotetewa ni kwamba jina hilo, katika Kinyarwanda, lina muundo wa kisarufi unaowaweka waliouawa mahali pao bila utata wowote, na kwamba tafsiri za Kiswahili zinazotumika sasa huufifiza muundo huo au huupotosha. Jambo hili si la wanaisimu peke yao. Kiswahili kilifanywa kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda mwaka 2017. Gazeti Rasmi la nchi hiyo limezoea kuchapishwa kwa Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa, na siku matini za Kiswahili zitakapotolewa kwa wingi, mfasiri atalikuta jina hili katika utangulizi wa Katiba yenyewe.

2.0 Jina lilivyobadilika

Mauaji yalianza tarehe 7 Aprili 1994, siku moja baada ya ndege ya Rais Juvénal Habyarimana kutunguliwa mjini Kigali, yakaendelea kwa siku zipatazo 100. Umoja wa Mataifa umekuwa ukitaja zaidi ya watu 800,000 waliouawa. Serikali ya Rwanda inataja zaidi ya milioni moja. Walio wengi mno walikuwa Watutsi, waliosakwa kwa sababu tu walizaliwa Watutsi. Waliuawa pia Wahutu waliopinga mpango huo. Mmoja wa waliotangulia kuuawa, siku ile ile ya tarehe 7 Aprili, alikuwa Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana, naye alikuwa Mhutu.

Katika miaka ya mwanzo baada ya mauaji, lugha ya kiserikali ya Kinyarwanda ilitumia jozi ya maneno: itsembabwoko n'itsembatsemba. La kwanza limeundwa kwa kitenzi chenye maana ya kuangamiza kabisa na nomino ubwoko, yaani aina, ukoo au kabila. La pili ni uradidi wa kitenzi hicho hicho, na maana yake ni uangamizaji wa watu ovyo, bila kutaja aina yao. Jozi hiyo ilikuwa na shabaha: neno la kwanza lilikusudiwa Watutsi, na la pili likawahifadhi wale wengine waliouawa kwa kukataa. Kwa mtazamo wa semantiki ulikuwa mgawanyo wa busara. Kasoro yake ni kwamba maneno mawili yaliyotoka katika kitenzi kimoja, yakiunganishwa kwa na, husikika masikioni kama matukio mawili yenye uzito sawa. Haukuhitajiwa ujanja mkubwa kwa mtu aliyetaka kudai kwamba yalitokea mauaji ya kimbari mara mbili, ya upande huu na ya upande ule.

Sheria za miaka hiyo zilikuwa na kazi nyingine za haraka. Ile ya tarehe 30 Agosti 1996 iliweka utaratibu wa kuwashtaki watuhumiwa, na ile ya Januari 1998 ikaunda mfuko wa kuwasaidia walionusurika wenye dhiki. Katiba ya tarehe 4 Juni 2003 ililichukua neno la mkopo, jenoside. Neno hilo lilikuwa na faida ya kuwa istilahi ya sheria ya kimataifa, lakini lilikuwa tupu: halikusema ni nani aliyeangamizwa. Ndipo katika marekebisho ya Katiba ya tarehe 13 Agosti 2008 yakawekwa maneno jenoside yakorewe Abatutsi. Katiba iliyorekebishwa mwaka 2015 imeyahifadhi, na sheria ya tarehe 2 Mei 2016, inayosimamia ibada za kumbukumbu na maeneo ya makaburi, inayabeba katika kichwa chake.

Bunge la Rwanda halikuwa la kwanza kulisema jambo hilo. Tarehe 16 Juni 2006, Kitengo cha Rufaa cha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda, iliyokuwa na makao yake Arusha hadi ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015, kiliamua kwamba kutokea kwa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ni jambo linalojulikana na wote, lisilohitaji tena kuthibitishwa kwa mashahidi. Umoja wa Mataifa ulichelewa zaidi. Mwezi Desemba 2003 Baraza Kuu liliitenga tarehe 7 Aprili kuwa siku ya tafakuri juu ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Ilikuwa Januari 2018 ndipo Watutsi walipotajwa katika jina la siku hiyo.

3.0 Muundo wa yakorewe

Kiini cha jina hili ni kitenzi. Yakorewe imejengwa juu ya mzizi -kor-, yaani tenda, pamoja na kiambishi cha kutendea na kile cha kutendwa, na inapatana na jenoside kama kiima chake. Kwa maneno mengine, ni jenoside iliyotendwa ikiwaelekea Watutsi, na hao Watutsi wamebaki baada ya kitenzi wakiwa yambwa tendewa. Jambo hili linawezekana kwa sababu Kinyarwanda, kama alivyoonyesha Alexandre Kimenyi katika sarufi yake ya mwaka 1980, huruhusu yambwa yoyote kati ya mbili za kitenzi cha kutendea ipandishwe kuwa kiima pindi kitenzi kinapotiwa katika hali ya kutendwa.

Kiswahili hakina uhuru huo. Tuchukue sentensi Asha alimwandikia Juma barua. Katika hali ya kutendwa Mswahili husema Juma aliandikiwa barua. Hasemi *Barua iliandikiwa Juma, na akiisikia ataona kwamba msemaji ameteleza. Ndiyo maana tafsiri ya moja kwa moja, *mauaji yaliyofanyiwa Watutsi, haikubaliki, ingawa kila mofimu yake ina mwenzake katika Kiswahili.

Kuna jambo la pili la kutazamwa katika umbo hili. Mtenda hayumo. Wachambuzi wa lugha ya magazeti na ya serikali wamezoea kuitilia shaka kauli ya kutendwa isiyo na mtenda, kwa kuwa ndiyo kichaka cha wanaotaka kuficha mkono uliotenda: makosa yalifanyika, watu walipigwa. Hapa haifai kuihukumu hivyo. Sheria ya Rwanda inawataja watenda kwingineko, na kwa kirefu, katika sheria za mashtaka na katika zile za gacaca zilizoanza mwaka 2001, ambazo mahakama zake zilifungwa Juni 2012. Katika jina la msiba, nafasi ya mtenda imeachwa wazi kwa kusudi. Kuijaza kwa jina la kabila kungemtia hatiani kila Mhutu, akiwemo Uwilingiyimana. Jina lisilo na mtenda linaweza kutamkwa na Mnyarwanda yeyote bila kujishtaki wala kumshtaki jirani yake, na hali huku halimwachii mtu yeyote mwanya wa kuuliza ni nani waliolengwa.

4.0 Kiswahili na jina hili

Istilahi mauaji ya kimbari imeshika mizizi katika Kiswahili, na ni istilahi nzuri. Mbari ni ukoo, watu wa asili moja, na kwa hiyo iko karibu sana na neno la Kiyunani genos ambalo Raphael Lemkin alilitumia mwaka 1944 alipounda jina la jinai hii. Wapo wanaosema mauaji ya halaiki, lakini halaiki ni umati tu; bomu likilipuka sokoni linaua halaiki bila kujali mbari ya mtu. Tofauti hiyo ndiyo moyo wa jinai yenyewe, nayo mauaji ya kimbari huihifadhi.

Hata hivyo, kiambishi ki- katika kimbari ni kile cha namna au hali, kama katika kidini au kisiasa. Mauaji ya kidini yanaweza kuwa ya kuwaua watu wa dini fulani, au yaliyofanywa na watu wa dini, au yaliyotokana na ugomvi wa dini. Vivyo hivyo kimbari hudokeza sababu pasipo kuonyesha mtenda wala mtendwa. Ni lazima kitu kiongezwe, na hapo ndipo shida inapoanza.

Njia ya kwanza, na iliyo nyepesi kuliko zote, ni -a unganifu. Vyombo vya habari vya Afrika Mashariki vilisema kwa miaka mingi mauaji ya kimbari ya Rwanda. Jina hilo linataja mahali. Si kosa, ila linawaacha waliokufa bila kutajwa, sawasawa na ilivyofanya Katiba ya 2003. Mfasiri anayetaka kuwataja, akiendelea na muundo ule ule, ataandika mauaji ya kimbari ya Watutsi. Hapa amejikwaa vibaya. Nomino inayotokana na kitenzi elekezi, ikifuatwa na -a unganifu, huweza kuwa na mtenda au mtendwa upande wa kulia. Mauaji ya wazee kila mtu huelewa kuwa ni kuuawa kwa wazee, na mauaji ya majambazi wengi watayaelewa kuwa ni yale yaliyofanywa na majambazi. Kinachoamua ni ujuzi wa msomaji kuhusu ulimwengu. Sasa, katika suala ambalo ukweli wake unapingwa na watu waliodhamiria kuupinga, ujuzi huo ndio usioweza kutegemewa. Jina linalowageuza waliochinjwa kuwa wachinjaji kwa kubadili tu fikira ya msomaji halifai kuandikwa katika sheria, wala juu ya kaburi.

Njia ya pili ndiyo inayotumiwa zaidi siku hizi, hasa katika Kiswahili cha Umoja wa Mataifa: mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Imefuata umbo la Kiingereza, ambacho hutumia kihusishi peke yake. Kifaransa aghalabu huongeza kitenzi cha kutenda uovu kabla ya kihusishi hicho. Njia hii imeondoa utata wa mtenda na mtendwa, na hilo si jambo dogo. Lakini dhidi ya, neno lililotoka katika Kiarabu likiwa na maana ya kinyume au upinzani, limepata katika Kiswahili makazi mawili mashuhuri, nayo ni uwanja wa mpira na mahakama. Simba dhidi ya Yanga. Jamhuri dhidi ya fulani. Katika mazingira yote mawili pana pande mbili zilizosimama zikikabiliana, kila mmoja akiwa na nafasi ya kujitetea. Mtoto aliyejificha chini ya kitanda Nyamata hakuwa upande wa pili wa pambano lolote.

Ni haki kukiri kwamba matumizi ya dhidi ya hayaishii hapo. Ukatili dhidi ya wanawake ni msemo uliokubalika, na hakuna anayedhani kwamba wanawake wamejipanga kushindana na wakatili. Muktadha huo umekuwa ukipanuka katika miongo ya karibuni kutokana na lugha ya mikataba ya haki za binadamu. Kwa hiyo dhidi ya haiwezi kuitwa kosa, na anayeitumia hastahili kukaripiwa. Lakini kati ya kutokuwa kosa na kufaa pana umbali. Jina lililotungwa mahsusi ili kuizima dhana ya pande mbili lisingepaswa kuingia katika Kiswahili likiwa limebeba neno ambalo maana yake ya kwanza kwa wasemaji wengi ni pande mbili.

Njia ya tatu imo katika sarufi ya Kiswahili chenyewe, na ni ajabu kwamba haitumiki: mauaji ya kimbari waliyofanyiwa Watutsi. Kitenzi kina mzizi, kiambishi cha kutendea na cha kutendwa, kama kilivyo cha Kinyarwanda. Kwa kuwa Kiswahili hakiruhusu mauaji yawe kiima cha kitenzi hicho, kiima wamekuwa Watutsi, nacho kirejeshi -yo- kinaiunganisha kauli na mauaji. Tofauti na Kinyarwanda ipo, lakini ni tofauti yenye faida: kile kilichokuwa yambwa kimepandishwa cheo. Waliouawa wamekuwa kiima bila kuwa watenda, jambo ambalo kauli ya kutendewa hulimudu kuliko muundo mwingine wowote. Na mtenda, kama katika matini ya awali, hayumo. Kishazi chenye na kinaweza kuongezwa pale sheria inapotaka na kuachwa pale isipotaka.

Mhariri wa gazeti atalalamika kwamba jina ni refu na halikai vizuri katika kichwa cha habari. Malalamiko hayo yana haki yake. Lakini sheria haiandikwi kwa kipimo cha safu ya gazeti, na jina la Kinyarwanda lenyewe si fupi.

5.0 Wasiotajwa

Pingamizi kubwa zaidi dhidi ya jina la 2008 halihusu sarufi. Wapo waliohoji kwamba jina linalotaja kundi moja linawasahaulisha Wahutu na wengineo waliouawa. Marekani na Uingereza zilieleza wasiwasi wa aina hiyo mbele ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2020, na azimio la mwaka huo lenyewe limetaja, nje ya jina, kwamba Wahutu na watu wengine waliopinga waliuawa pia. Aidha, watetezi wa haki za binadamu wamelalamika kwamba sheria ya 2008 kuhusu itikadi ya mauaji ya kimbari iliandikwa kwa maneno mapana mno, yaliyoweza kumnasa hata mtu aliyetaka tu kuwalilia wafu wake. Sheria hiyo ilibadilishwa mwaka 2013 na tena mwaka 2018.

Katika mambo haya inafaa kutenganisha jina la jinai na orodha ya waliokufa. Jinai ya kimbari hutambulishwa na kundi lililokusudiwa kuangamizwa. Ndivyo unavyosema Mkataba wa 1948. Uwilingiyimana aliuawa na watu wale wale, kwa mpango ule ule, lakini Wahutu hawakukusudiwa kufutwa. Kwa hiyo jina linaweza kuwa sahihi na bado heshima isitimie. Rwanda imejaribu kuijazia pengo hilo kwa njia nyingine. Kila tarehe 13 Aprili, wiki ya maombolezo inapofungwa, wanasiasa waliouawa kwa kuyapinga mauaji hukumbukwa katika makaburi ya Rebero, nje kidogo ya kitovu cha Kigali, na Uwilingiyimana amewekwa miongoni mwa mashujaa wa taifa wa daraja la Imena. Wale waliouawa na wanajeshi wa upande ulioshinda vita hawana siku wala mahali katika kalenda hiyo. Hilo ni pengo ambalo jina haliwezi kulaumiwa kwalo, wala haliwezi kuliziba.

6.0 Waliokufa waitweje?

Limebaki neno la kuwaita watu wenyewe, na hapa Kiswahili kina umaskini unaoshangaza. Neno lililozoeleka ni wahanga. Asili yake ni kafara, mnyama au mtu anayetolewa ili wengine wapate salama, na maana hiyo haijafa: tunasema mtu amejitoa mhanga. Matokeo yake ni kwamba gazeti moja linaweza kuwaita wahanga waliouawa na bomu, na katika aya hiyo hiyo likasema aliyelipua amejitoa mhanga. Waathirika lina kasoro ya aina nyingine. Kiambishi -ik- ni cha kutendeka. Kikombe kilichovunjika huenda kilianguka chenyewe. Waathiriwa, linalopendwa zaidi Kenya, lina -w- ya kutendwa, na kwa hiyo linabakiza kumbukumbu ya mkono uliotenda. Kisarufi ndilo bora kati ya hayo matatu, japo linawajumuisha pamoja waliokufa na waliopona.

Kinyarwanda husema abazize jenoside. Kitenzi chake, kuzira, maana yake ni kufa au kuumia kwa sababu ya kitu fulani, na huulizwa hata kwa maiti wa kawaida: alizira nini, yaani ni kipi kilichomuua. Katika hotuba za kumbukumbu husikika mara nyingi kwamba fulani alizira alivyozaliwa. Kiswahili kina kitenzi chenye umbo hilo hilo, lakini kuzira kwetu ni kususa. Kuponzwa kunakaribia, ila humtupia lawama aliyepatwa, kwa kuwa aghalabu mtu huponzwa na ulimi wake au tamaa yake. Kwa sasa mfasiri hana budi kufafanua: waliouawa kwa kuwa Watutsi. Si neno moja, lakini ni kweli tupu.

Hali ni nafuu kidogo katika kitenzi cha ibada yenyewe. Kinyarwanda kina kwibuka, kukumbuka, na icyunamo, maombolezo, neno linalotokana na kitenzi chenye maana ya kuinama. Kiswahili cha ofisini kimezoea maadhimisho kwa kila siku yenye tarehe, iwe ya uhuru au ya msiba. Kuadhimisha ni kulipa jambo adhama, kulitukuza. Siku ya Uhuru huadhimishwa. Tarehe 7 Aprili haiadhimishwi. Kumbukizi, kumbukumbu na maombolezo yote yapo na yanatosha, na anayeandaa matini ya Kiswahili ya sheria ya 2016 anaweza kuanza kwa kulifuta neno maadhimisho katika kichwa chake.